Mwanga Unaopotelea Kwenye Waya

Jua likizama, pikapu za mboga huteremka kona za Lushoto hadi Mombo, kisha hushika barabara kuu ya Segera na Chalinze kuelekea Dar es Salaam. Humo hazikosi Toyota Hilux za miaka ya 1980 na 1990. Injini bado inavuta, chasisi bado imara, ila taa za mbele zimefifia kiasi kwamba dereva anaifuata michirizi myeupe ya lami zaidi ya kuiona barabara yenyewe. Akishashusha mzigo, anakwenda Gerezani kutafuta balbu za LED. Mwenzake wa Nairobi anakwenda Kirinyaga Road kwa shida ileile. Wote wawili huenda wakatupa pesa, kwa sababu mara nyingi balbu haina kosa.

Kiu yao ya mwanga ni ya haki. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linakata mita 22 kila sekunde. Mpaka dereva ashtuke na kukanyaga breki, mita 30 na ushee zimekwisha. Mpaka gari lisimame kwenye lami kavu, zimekwisha karibu 70. Hapo tunasema pikapu isiyo na mzigo, yenye matairi mazuri. Mwendesha baiskeli aliyevaa nguo nyeusi hataonekana kwa mbali hivyo kwa taa ya dimu iliyochoka.

Pikapu za zamani zilikuja na taa za aina mbili. Ya kwanza ni taa ya kipande kimoja, ambamo kioo, kiakisi na filamenti vimezibwa pamoja. Ikiungua inatupwa nzima. Marekani iliifanya kuwa kawaida ya magari yake tangu toleo la 1940, na ile ya duara ya inchi 7 ikaenea dunia nzima. Ya pili ni taa inayobadilishwa balbu tu, hasa H4 ya miguu mitatu, iliyoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1970: wati 55 kwa dimu, wati 60 kwa fulu. Kwa vile vipimo vya nje ni vilevile, taa ya zamani ya duara huweza kung'olewa na nafasi yake kuchukuliwa na ya H4 bila kukata bodi. Hatua hiyo peke yake ni nafuu kubwa.

Kabla ya kununua chochote, ipimwe njia ya umeme. Fundi anawasha injini na taa, anapima betri na kukuta volti 14. Kisha anachomeka ncha za mita nyuma ya plagi ya taa, balbu ikiwa inawaka. Kwenye pikapu yenye miaka 30 si ajabu kukuta volti 12. Volti mbili zimeliwa njiani: na waya mwembamba uliopita kwenye dashibodi, na swichi ya usukani ambayo mdomo wake umeungua, na viungio vilivyoota kutu ya kijani. Volti mbili zinaonekana kidogo, lakini mwanga wa balbu ya halojeni hushuka haraka kuliko umeme wenyewe. Ikipata 12 badala ya 14, balbu hupoteza takriban asilimia 40 ya mwanga wake. Hakuna balbu ya dukani itakayorudisha kinacholiwa na waya.

Dawa yake ni rilei mbili, moja ya dimu na moja ya fulu. Umeme wa taa unatoka moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi iliyofungwa karibu na betri hiyo, unapita kwenye waya mnene wa milimita mraba 2.5 au zaidi, na kuishia kwenye taa. Swichi ya zamani inabaki na kazi nyepesi ya kuziamuru rilei tu, kwa hiyo haichemki tena.

Hapa Toyota za zamani huwatoa jasho mafundi. Katika magari mengi swichi hukata na kuunganisha chanya. Hilux na Land Cruiser nyingi za miaka hiyo hufanya hivyo upande wa hasi. Kujua ni rahisi. Plagi ichomolewe, taa ziwashwe, kila mguu upimwe dhidi ya bodi. Kama chanya iko kwenye mguu mmoja uleule, iwe dimu iwe fulu, basi swichi inafanya kazi upande wa hasi, na rilei zifungwe kwa kufuata hilo. Fundi anayefunga kwa mazoea bila kupima huishia na taa zisizowaka.

Umeme ukishafika, balbu nzuri ya kawaida ya 60/55 inatosha watu wengi. Zile za 100/90 huyeyusha plagi na kuchoma kiakisi. Zilizopakwa rangi ya buluu hupendeza machoni pa mnunuzi, lakini rangi hiyo huzuia sehemu ya mwanga usitoke. Balbu ya LED ndani ya taa ya halojeni ndiyo ya kuogopwa zaidi. Kwenye H4, filamenti ya dimu ina kikombe kidogo cha chuma chini yake kinachozuia mwanga usipande juu, na kiakisi kilichongwa kuifuata filamenti hiyo ilipo. LED nyingi za kubandika haziigi mahali hapo sawasawa. Mwenye gari anaona mbele kumekuwa kweupe. Anayekuja upande wa pili haoni kitu, na mtembea kwa miguu aliye kati yao ndiye anayelipa. Anayetaka LED anunue taa nzima iliyobuniwa hivyo tangu kiwandani.

Kioo nacho kina mengi ya kusema. Kiakisi kilichobanduka rangi ya fedha hakisafishwi kwa kitambaa, maana kitambaa humaliza kilichobaki, taa ibadilishwe. Kwenye taa mpya zenye alama ya E, utafutwe mshale. Ukiitazama taa kwa mbele, mshale unaoelekea kulia ni wa nchi zinazoendesha kushoto kama Tanzania, Kenya na Uganda. Mshale wa pande mbili hufaa kote. Isiyo na mshale ni ya wanaoendesha kulia. Kwa hiyo pikapu iliyotoka Dubai hummulika usoni dereva wa Morogoro, na ile ya Kijapani iliyovushwa hadi Bujumbura au Bukavu hufanya vivyo hivyo huko.

Mwisho taa zilengwe. Pikapu isimame sehemu tambarare, mita 10 kutoka ukutani, dimu ikiwaka. Ukingo wa juu wa mwanga ushuke sentimita 10 hivi chini ya kimo cha taa. Ilengwe ikiwa na mzigo wake wa kawaida na dereva ndani, kwa sababu magunia ya kabichi hukalia springi za nyuma, pua ikanyanyuka, na dimu iliyolengwa gari likiwa tupu ikawapiga machoni madereva wote hadi Chalinze.