CRP imepanda: karatasi ya maabara inasema nini, na haisemi nini

Ujumbe uliingia kwenye simu ya studio siku chache baada ya kipindi chetu kuhusu magonjwa ya viungo. Ulikuwa na picha ya karatasi ya maabara na swali moja: "Naomba mnisaidie, hii CRP 38 ni ugonjwa gani?"

Aliyeutuma ni mama anayeanika dagaa kwenye mwalo mmoja hapa Kanda ya Ziwa. Vidole vyake vimekuwa vikivimba kwa miezi saba. Ameshapimwa malaria mara kadhaa na taifodi mara mbili, na kila mara alirudi nyumbani na dawa. Safari hii aliamua kulipia vipimo vya damu mwenyewe. Pesa ya dagaa wa siku kadhaa ikaenda, akapewa karatasi yenye namba, na hakuna aliyemweleza chochote.

Sisi ni watangazaji, si madaktari, na hatuwezi kumsomea mtu majibu yake kwa simu. Lakini swali lake si lake peke yake. Wengi wenu mna karatasi kama hiyo kwenye droo. Basi tuanze na jibu fupi: CRP 38 si ugonjwa. Ni taarifa kwamba mwilini kuna jambo. Jambo gani, hapo ndipo kazi inapoanza.

Mchochota ni nini?

Ukijikata na kisu ukimenya ndizi, baada ya muda kidole huwa chekundu, huvimba, hupata joto na kuuma. Hiyo si ajali ya pili juu ya ya kwanza. Ni kinga ya mwili imefika kazini: mishipa midogo imepanuka, chembe nyeupe zimemiminika kupambana na vijidudu na kurekebisha palipoharibika. Madaktari huita hali hiyo inflamesheni, na kwa Kiswahili tunaweza kuiita mchochota. Kazi ikiisha, kidole hupoa na kila kitu hurudi kawaida.

Shida huja pale kazi isipoisha. Mchochota unaoendelea kwa miezi au miaka huitwa mchochota sugu. Huenda kinga imekosea na kushambulia mwili wenyewe, kama inavyotokea kwenye baridi yabisi na ugonjwa wa lupasi. Huenda kuna maambukizi yaliyojificha, kama kifua kikuu. Huenda ni ugonjwa wa utumbo, au fizi zinazotoka damu miaka nenda rudi. Uvutaji wa sigara na mafuta mengi ya tumboni pia huuweka mwili katika mchochota wa chini chini ambao mtu hausikii kabisa. Wakati huo huo viungo, mishipa ya damu au figo huendelea kuharibika taratibu.

Vipimo utakavyokutana navyo kwanza

CRP ni protini inayotengenezwa na ini. Iligunduliwa mwaka 1930 na William Tillett na Thomas Francis katika taasisi ya Rockefeller, New York, kwenye damu ya wagonjwa wa nimonia. Kinga inaposhtuka, hutuma kemikali hadi kwenye ini, na ini huanza kumwaga CRP ndani ya saa chache. Hufika kileleni baada ya siku mbili hivi. Chanzo kikiondoka, kiasi chake kwenye damu hupungua kwa nusu takriban kila saa 19. Ni kipimo cha haraka kupanda na haraka kushuka. Maabara nyingi huhesabu chini ya 5 au chini ya 10 kuwa kawaida, kwa miligramu kwa lita.

ESR ni kipimo cha zamani zaidi. Edmund Biernacki wa Poland alikieleza mwaka 1897, na njia inayotumika sana leo ina jina la Msweden Alf Westergren, aliyeichapisha mwaka 1921. Damu huwekwa kwenye mrija mwembamba uliosimama, kisha mtaalamu anaangalia baada ya saa moja seli nyekundu zimetuama milimita ngapi. Kukiwa na mchochota, protini fulani kwenye damu huzifanya seli zishikamane kama sahani zilizopangwa kabatini, nazo huzama haraka zaidi. ESR huchelewa kupanda na huchelewa kushuka. Mgonjwa anaweza kuwa amepona, nayo bado ikawa juu kwa wiki kadhaa.

Cha tatu ni picha kamili ya damu, ile ambayo hospitali nyingi huandika FBP. Hii huonyesha chembe nyeupe, wingi wa damu na chembe zinazogandisha damu. Mchochota wa muda mrefu mara nyingi hushusha damu na kupandisha chembe za kugandisha. Kwa hiyo mtu anayeambiwa kila mara "una upungufu wa damu" na kumeza vidonge vya madini chuma bila nafuu, anapaswa kuuliza kama kuna mchochota nyuma yake.

Moshi hauonyeshi jiko

Wahenga walisema, pafukapo moshi pana moto. CRP na ESR ni moshi. Vinakuambia kuna moto mtaani, lakini havikuambii unawaka nyumba ya nani. CRP 38 inaweza kutokana na baridi yabisi, jino bovu, kifua kikuu, malaria ya wiki iliyopita au kidonda cha mguu. Ndiyo maana kuanza dawa kwa sababu tu CRP imepanda ni sawa na kumwaga maji juu ya paa lolote lililo karibu.

Kuna mambo mengine yanayoweza kumpotosha anayesoma karatasi.

La kwanza ni kipimio. Baadhi ya maabara huandika miligramu kwa lita, nyingine miligramu kwa desilita. CRP 3.8 kwa desilita ni sawasawa na 38 kwa lita. Ukilinganisha karatasi mbili bila kuangalia herufi ndogo pembeni mwa namba, unaweza kushangilia nafuu ambayo haipo.

La pili ni wakati. Mafua makali, malaria au jeraha vinatosha kupandisha CRP. Ukiwa umetoka kuugua, na daktari haoni dalili ya hatari, jambo la busara ni kurudia kipimo baada ya wiki mbili hivi. Mchochota sugu haujulikani kwa kipimo cha siku moja.

La tatu ni hali ya mtu mwenyewe. ESR hupanda kwa umri, kwa ujauzito na kwa upungufu wa damu, hata pasipo ugonjwa mwingine. Kwa mwenye selimundu inakuwa kinyume: seli zenye umbo la mundu hazipangani kama sahani, hivyo ESR inaweza kusoma chini wakati mwili unawaka. Huku kwetu Kanda ya Ziwa selimundu si ugonjwa wa nadra, kwa hiyo mtajie daktari kama unao.

La nne ni kwamba namba nzuri haimfuti mgonjwa. Wapo wenye baridi yabisi ambao CRP yao ni ya kawaida, na katika lupasi mara nyingi ESR hupanda huku CRP ikitulia. Vidole vilivyovimba ni ushahidi pia.

La tano ni feritini, kipimo cha akiba ya madini chuma. Mchochota huipandisha hata kama akiba imekauka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa mwaka 2020, linasema kwa mtu mzima mwenye afya upungufu ni chini ya mikrogramu 15 kwa lita, lakini mwenye maambukizi au mchochota huhesabiwa kuwa na upungufu akiwa chini ya 70. Feritini ya 40 kwa hiyo inaweza kuwa na maana mbili tofauti, na CRP ndiyo inayosaidia kujua ni ipi.

La mwisho, na hili tunaliona mara nyingi mtaani: dawa ulizokwisha kumeza. Prednisolone na dexamethasone huzima dalili na kushusha CRP bila kuondoa chanzo. Ukinunua vidonge vya mchanganyiko vya viungo ukavimeza wiki nzima kabla ya kupima, karatasi inaweza kutoka safi. Nenda na pakiti za dawa zote, hata zile unazoona aibu kuzitaja.

Kipimo kifuate swali

Daktari mzuri huanza kwa kukusikiliza na kukushika pale panapouma, kisha huchagua kipimo cha pili.

Kwa vidole vilivyovimba mikono yote miwili na kukakamaa asubuhi kwa saa nzima au zaidi, hupima RF na anti-CCP. RF peke yake haitoshi, maana hupatikana pia kwa baadhi ya wazee wazima wa afya na kwa watu wenye maambukizi ya muda mrefu. Anti-CCP huelekeza kidole kwenye baridi yabisi kwa uhakika zaidi.

Kwa kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku na kukonda, kinachotakiwa ni makohozi kwenye mashine ya GeneXpert, si kurudia ESR. Kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, Shirika la Afya Duniani tangu 2021 limekubali CRP iliyo juu ya 5 itumike kuchuja nani apimwe kifua kikuu. Hata hapo, CRP inafungua mlango tu. Kipimo cha makohozi ndicho kinachoingia ndani.

Kwa kuharisha kusikoisha, baada ya kuondoa minyoo na maambukizi, kuna kipimo cha choo kiitwacho kalprotektini kinachoonyesha kama utumbo wenyewe una mchochota. Kwa vipele vya usoni, nywele kunyonyoka na miguu kuvimba, daktari huwaza lupasi, na kupima ANA pamoja na protini kwenye mkojo.

Kuna pia CRP ya kiwango cha chini sana, hs-CRP, inayotumika kukadiria hatari ya ugonjwa wa moyo. Chini ya 1 hatari ni ndogo, 1 hadi 3 ni ya wastani, zaidi ya 3 ni kubwa. Ikizidi 10, hapo si habari ya moyo tena, bali kwanza itafutwe sababu nyingine. Nayo huongeza maana ikiwekwa pamoja na presha, sukari, lehemu na sigara.

Kupima ili kufuatilia

Chanzo kikijulikana, vipimo hubadilika kazi: sasa vinaangalia kama tiba inafanya kazi. Ni vema kupima maabara ile ile na kutunza karatasi zote kwenye daftari moja, kwa sababu mwelekeo wa namba una maana kuliko namba moja.

Mwenye baridi yabisi mara nyingi huanzishiwa methotrexate. Dawa hii humezwa mara moja kwa wiki, siku moja iliyochaguliwa. Kuimeza kila siku kwa kukosea ni hatari ya kufa. Haitumiki wakati wa ujauzito. Anayeitumia hupimwa picha ya damu, ini na figo kila baada ya muda anaopangiwa, hata akijisikia vizuri. Na aliyetumia prednisolone kwa muda mrefu asiiache ghafla, kwani mwili huwa umesahau kutengeneza homoni yake yenyewe. Diclofenac ya kila siku nayo huumiza tumbo na figo.

Nyumbani kuna sehemu yetu pia. Kuacha sigara, kupunguza uzito uliozidi, kutembea kila siku, kutibu fizi na meno husaidia kupunguza mchochota. Tangawizi na manjano ni viungo vizuri vya chakula, ila hakuna juisi inayochukua nafasi ya dawa ya baridi yabisi.

Kabla ya kutoa pesa dirishani, uliza mambo matatu. Kipimo hiki kinajibu swali gani? Majibu yakiwa juu tutafanya nini, na yakiwa chini tutafanya nini? Nani atanisomea? Kama hatua inayofuata ni ile ile kwa majibu yoyote, huenda pesa hiyo ina kazi nyingine.

Yule mama tulimwomba aende hospitali yenye daktari wa magonjwa ya ndani, na asisubiri CRP nyingine kwanza. Baridi yabisi, kama ndiyo, mara nyingi huanza kuharibu viungo ndani ya miaka miwili ya mwanzo, na miezi saba tayari imepita. Tulimwambia abebe karatasi yake, pakiti za dawa, na aandike kwa siku saba vidole vinachukua muda gani asubuhi kukunjuka. Alijibu kwamba anajua tayari: havikunjuki mpaka jua limefika kwenye kichanja cha dagaa.

Hilo halikuandikwa kwenye karatasi ya maabara. Tulimwambia aanze nalo.