Kitafunwa cha degu kifichwe, kisiwe kitamu

Degu ni mgugunaji mdogo wa Chile ya kati, ndugu wa chinchila na wa simbilisi, hao wanaofugwa nyanda za juu kusini mwa Tanzania na huko Kivu. Ana uzito wa gramu 170 hadi 300, mkia wenye kishungi cheusi, na meno ya rangi ya machungwa. Ulaya na Amerika Kaskazini amekuwa mnyama wa kufugwa ndani ya nyumba, na mara nyingi wanaomponza ni walewale wanaompenda. Humpa zabibu kavu, kipande cha ndizi, biskuti ya asali. Kisha siku moja wanaona macho yake yameingia ukungu.

Mwili wa degu haujui kuhimili sukari. Insulini yake imeumbika tofauti na ya mamalia wengine wengi, na ikipimwa kando ya zao, nguvu yake ni hafifu. Kisukari humpata kwa urahisi, na jicho ndilo huumia mapema. Lenzi yake ina kimeng'enya kingi kinachogeuza glukosi kuwa sorbitoli. Sorbitoli hiyo haitoki kirahisi: inarundikana, inavuta maji, lenzi inavimba na kupoteza uangavu. Huo ndio mtoto wa jicho, na kwa degu mwenye kisukari unaweza kutanda ndani ya wiki chache tu. Kwamba sukari ni ya matunda, si ya dukani, hakumsaidii kitu. Hata karoti ni tamu mno kwake.

Ukiangalia anakotoka, jambo hili halishangazi. Kwenye vichaka vya miteremko ya chini ya Andes mvua hunyesha majira ya baridi, na kiangazi ardhi hukauka. Degu hula nyasi, majani, magome ya vichaka na mbegu. Ukame ukizidi huokota hata mavi ya ng'ombe na farasi, na hurudia kula kinyesi chake mwenyewe ili asipoteze kilichobaki humo. Hutoka mchana pamoja na wenzake, wakikwepa jua kali la adhuhuri, na huku wakitafuta chakula wanachunga mwewe na mbweha. Kutafuta ndiko maisha yake.

Ndani ya kizimba bakuli limejaa na kazi hiyo imekwisha. Degu asiye na la kufanya huguguna nondo, huzunguka njia ileile bila kukoma, au hunyonyoa manyoya, yake au ya mwenzake.

Mwaka 1963 mwanasaikolojia wa Marekani Glen Jensen aliwapa panya wa maabara bakuli la chakula cha bure, na kando yake wenzo ambao ukibonyezwa unadondosha punje. Panya wengi walienda kubonyeza wenzo kupata sehemu ya chakula chao, ilhali bakuli liko wazi mbele yao. Tabia hiyo imeonekana baadaye kwa wanyama wa aina nyingi. Degu naye ana akili ya kazi za namna hii: mwaka 2008 watafiti wa Japani walieleza jinsi degu waliofunzwa walivyoweza kuvuta chakula kwa kijireki kidogo.

Kwa hiyo swali la maana si umpe nini tu, bali umpe vipi. Msingi ni hei ya timothi, nayo isikosekane kamwe. Punje zake za kila siku, zisizo na molasi, usizimimine zote bakulini. Zitawanye ndani ya hei. Ni chakula kilekile, kipimo kilekile, lakini sasa ana shughuli ya saa nzima. Binafsi naona hili linazidi kitafunwa chochote cha kununua.

Kisha chukua kile kibomba cha karatasi ngumu kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha. Kunja ncha moja, shindilia hei, weka maua makavu ya waridi au kamomaili na punje mbili tatu za shayiri zenye maganda, ongeza hei, kunja ncha ya pili. Degu atakuja na pua mbele, akizungushe, akipindue, kisha aanze kukichana vipande vipande. Akiipata punje huketi, huishika kwa mikono yote miwili na kuizungusha huku akibandua ganda. Meno yake hayaachi kukua maisha yake yote, na hei ndiyo inayosaga magego. Kuchana karatasi na kuguguna tawi la mtufaha lisilopuliziwa dawa kunasaidia meno ya mbele. Jani bichi la dandelioni nalo linafaa, likiwa limeoshwa, na masalia yaondolewe siku hiyohiyo. Mbegu ya alizeti au karanga ina mafuta mengi: moja tu, tena si kila siku.

Anza na mafumbo mepesi. Degu aliyezoea bakuli anaweza kususa kibomba kilichofungwa kwa nguvu. Wakiwa kundi, na degu hafai kuishi peke yake, ficha sehemu nyingi kuliko idadi yao, la sivyo mbabe atakula kwa niaba ya wote. Aliyepofuka mfichie chini, mahali palepale, ukitumia majani yenye harufu kali. Pua yake inatosha.

Mpime kwa mizani ya jikoni kila wiki. Akinywa maji kupita kawaida na kukojoa sana, shuku kisukari. Meno yakififia rangi, au uzito ukishuka huku hei ikibaki bila kuguswa, mpeleke kwa daktari wa mifugo bila kungoja.