Posti tatu na masomo ya jioni: mwenzetu wa mine anayetafuta njia ya kuwa docta wa wanyama

Katika bisi ya kazi inayopita Katuba saa 20 na nusu, kiti cha nyuma karibu na dirisha kina mwenyewe. Hapo njo anakaa mwenzetu ambaye sisi wote tunamuita Docta. Wengine wanalala, wengine wanasikiliza muziki ku telefone. Yeye ana daftari juu ya magoti, na taa ya kofia ya kazi inamulika hesabu za kemia, ile tunayoita chimie ku masomo.

Docta bado si docta. Anaendesha benne, lile lori kubwa la kubeba mawe. Ana miaka 38, ana bibi na watoto wanne, na tangu miaka miwili anatayarisha kuingia katika fakulte ya médecine vétérinaire bila kuacha kazi. Sisi wa delegasio ya sindika tumetembea naye njia hii, na tumekosea naye vilevile. Tunaandika sababu vijana wengi wa mine wanatuuliza kama inawezekana.

Nguruwe 9

Mambo yalianza na nguruwe. Bibi yake alikuwa anafuga 9 nyuma ya nyumba, na feza yao njo ililipa masomo ya watoto. Siku moja, mmoja akakataa chakula, masikio yakawa mekundu. Kisha siku nane hakukubaki hata mmoja. Katikati ya ile taabu, mtu mmoja wa kartye alikuja na sindano, akachoma nguruwe wote, akalipwa, akaenda zake.

Baadaye docta wa kweli akawaeleza kwamba ile ilikuwa peste porcine africaine. Ni virusi. Haishiki mtu, lakini haina dawa ya kuponyesha, na inatembea kwa viatu, kwa nyama na kwa mabaki ya chakula yanayopewa wanyama. Zile sindano hazingeweza kufanya kitu.

"Njo pale niliona," anatuambia, "batu banatwiba juu hatuyue. Nikasema mi nitayua."

Na kweli mji wetu unahitaji watu wanaojua. Ugonjwa wa Newcastle unaweza kumaliza kuku wa kartye nzima, hata kama chanjo yake ipo. Kichaa cha mbwa kinaua mtu karibu kila mara kama dalili zimekwisha kuanza, na dawa ya kwanza ni kuchanja mbwa mbele. Lakini ku makartye yetu, mwenye kushika sindano mara nyingi ni yule aliyeinunua tu.

Karatasi ya kuingia na akili ya kubaki

Lubumbashi tuna bahati: Université yetu, UNILU, ina fakulte ya médecine vétérinaire. Mwenye kutaka kuingia lazima awe na diploma ya Leta. Docta anayo, lakini ni ya électricité. Biolojia alisoma kidogo sana, na kemia aliisahau yote.

Alienda kuuliza ushauri kwa mutu mmoja aliyemaliza masomo yale. Akamwambia wazi: karatasi inakufungulia mlango, lakini bila kemia, biolojia, fizikia na hesabu utatoka kwa mlango uleule kisha mwaka mmoja. Basi akaamua kurudia Examen d'État katika biologie-chimie, kama autodidacte, maana yake mtu anayejitayarisha nje ya shule ya kawaida.

Wenye umri wetu wanakumbuka ule mtihani. Upo katika inchi yetu tangu 1967. Kuna sehemu ya mbele, hors-session, pamoja na dissertation. Kisha kuna session yenyewe ya siku 4. Mtoto wa shule anaifanya akitoka darasani. Mtu wa benne anaifanya akitoka ku shimo. Docta akajiandikisha ku shule moja ya jioni, saa 17 mpaka saa 20, siku tano kwa juma.

Juma lina masaa 168

Siku ya kwanza aliyokuja kutuona, tulichukua kalamu. Sheria ya kazi inasema mfanyakazi asipite masaa 45 kwa juma. Bisi inakula masaa 12, kwenda na kurudi siku sita. Hiyo ni 57. Kulala masaa 7 kila siku ni 49. Ukiondoa yote ku 168, kunabaki 62. Masomo ya jioni ni 15, kunabaki 47 kwa kula, watoto, kanisa, kilio, kutafuta maji na kurudilia daftari.

Ku karatasi ile hesabu ilikuwa nzuri. Shida ni kwamba yale masaa 47 hayakai pamoja. Yanakuja vipande-vipande, nusu saa hapa, dakika ishirini kule. Na tena kazi yetu ni ya posti tatu: juma moja saa 6 mpaka saa 14, juma lingine saa 14 mpaka saa 22, la tatu saa 22 mpaka saa 6. Juma la katikati linaua masomo yote ya jioni. Kwa kila masomo 15, tano zinapotea.

Kosa letu

Hapa njo sisi tulikosea. Tulitaka kumsaidia, tukaomba shefu akubali abadilishane posti na mwenzake. Kupata mtu wa kukuachia usiku ni rahisi, hakuna anayeupenda. Basi Docta akawa anatoa juma lake la mchana na kuchukua la usiku la mwingine. Masomo yote 15 akayapata. Tukafurahi, tukasema delegasio imefanya kazi.

Hatukumuuliza analala saa ngapi.

Anarudi saa 7 na nusu asubuhi. Watoto wanapiga kelele, mabati yanawaka jua, jirani ana kilio na ngoma. Saa 16 anaamka, anaenda masomo, kisha bisi. Mwezi wa tatu, saa 4 ya usiku, benne yake ikaacha njia polepole na kupanda juu ya ule mtuta wa udongo unaolinda ukingo wa shimo. Ule mtuta ukaizuia. Hakuna aliyeumia. Yeye mwenyewe hakumbuki mita mia za mwisho.

Wanaochunguza usingizi wanasema mtu aliyekaa macho masaa 17 anapunguza uangalifu kama mtu aliyekunywa pombe. Sisi tunakataza pombe ku kazi, tunapima watu ku mlango. Lakini tulimpandisha mwenzetu ku benne akiwa na usingizi wa juma nzima, na ruhusa ile ina sini yetu chini.

Tukakaa, tukaongea kwa ukali. Mzee mmoja wa delegasio akasema: "Sindika iko ya mushahara na kofia. Haiko ya kupeleka batu ku université." Wengine wakamuunga mkono. Lakini mwingine akamkumbusha mwaka 2003 na 2004, wakati wakubwa zetu zaidi ya 10,000 walipotoka Gécamines katika mpango wa départs volontaires, na Banki ya Dunia ikisaidia kulipa. "Mzee, wangapi kati yao walikuwa na kazi ingine mikononi?" Mzee akanyamaza. Mine haina ahadi ya milele. Mfanyakazi akijifunza kazi ingine wakati mshahara bado unaingia, hiyo nayo ni kazi ya sindika.

Tukaandika sheria yetu wenyewe, ya mambo matatu. Kwanza, kwa ajili ya masomo hatuombi tena kubadilisha mchana kwa usiku. Tunaomba mchana kwa asubuhi. Tulimpata mwenzetu mmoja mwenye shamba, anayetaka asubuhi yake iwe huru, na wote wawili wakapona. Pili, mwenye kusoma akikosa usingizi anamwambia shefu mbele ya kupanda gari, na siku ile anapewa kazi ya chini, bila malipizi. Tatu, mapatano yanaandikwa, yanadumu miezi mitatu, kisha tunaangalia tena.

Siku za mtihani

Code ya kazi, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002, inatoa siku za ruhusa mfanyakazi akioa, bibi yake akizaa, akifiwa. Siku ya mtihani haimo. Inabaki konje ya mwaka: siku moja ya kazi kwa kila mwezi, na siku moja ya kuongeza kwa kila miaka mitano. Docta ana miaka 11 ku kazi, kwa hiyo siku 14. Mtihani ulikula 7. Nusu ya mapumziko yake.

Shirika la Kazi la Dunia lilipitisha mwaka 1974 mkataba namba 140 juu ya konje ya masomo yenye kulipwa. Kwa hiyo wazo hili si ndoto ya mtu mmoja wa Katuba. Tuliomba patron atie siku za mtihani ndani ya convention collective. Alikubali kubadilishana posti kwa maandishi. Siku za mtihani alikataa. Tutarudi ku meza.

Kile kilichomsaidia

Kwa wale wanaotaka kumfuata, tunaandika alichotuambia. Usianze masomo yote pamoja. Anza na kemia, sababu biolojia inakaa juu yake. Kila tatizo litafutie mfano wa kazi unayotaka. Docta hakuelewa asilimia za mchanganyiko mpaka mwalimu alipomuonyesha chupa ya dawa: 20% maana yake miligramu 200 katika mililita moja. Kama mbuzi ana kilo 20 na anahitaji miligramu 20 kwa kila kilo, ni miligramu 400, basi mililita 2. Akakumbuka yule mtu wa sindano aliyekuwa anajaza sirenji bila kupima. "Kumbe chimie iko njo hii," akasema.

Ku bisi, fanya tu kazi fupi: maneno ya kushika, hesabu moja. Kusoma kwa kweli ni siku ya Mungu, kisha ibada, masaa manne na wenzako wawili ao watatu. Na baada ya usiku, lala mbele ya kufungua daftari.

Tulimuuliza bibi yake, sababu bila yeye hakuna habari. Alicheka. "Baba ya batoto anasoma daftari, mi nasoma nyumba: nani eko na homa, unga imebakia ngapi, nani anadai. Nilimuambia, kama unaanguka mutihani, mi njo naanguka mara mbili." Saa zake ndani ya zile 168 hatukuzihesabu siku ile ya kalamu. Leo tukikaa na mfanyakazi anayetaka kusoma, tunaomba aje pamoja na wa nyumbani.

Mlima unaobaki

Docta alipita mtihani. Siku matokeo yalipotoka, bisi nzima iliimba, hata yule mzee.

Lakini hatutaki kudanganya msomaji. Masomo ya kutayarisha yanaweza kuingia kandokando ya kazi. Fakulte yenyewe haiingii. Ni miaka mingi ya mchana, na kazi za mikono ndani ya laboratware na mbele ya wanyama. Hizo huwezi kuzisoma ku daftari la mwenzako.

Docta alikuja na wazo: tumuombee posti ya usiku peke yake, miaka yote, asome mchana. Tulikataa. Alikasirika, akatuambia sisi njo tunamfungia mlango ambao patron hakuufunga. Juma mbili hakutusalimia. Ilituuma, lakini tunakumbuka ule mtuta wa udongo.

Sasa tunaomba kitu kingine: mfanyakazi anayeenda masomo ya juu kontra yake isimamishwe bila mshahara, isivunjwe, na akirudi awe na haki ya kwanza juu ya nafasi inayofunguka. Barua iko ku meza ya patron. Jibu halijafika. Docta na bibi yake wanaweka feza pembeni. Wameanza tena na nguruwe watatu, na hakuna mtu anayeingia mule na viatu vya nje. Wamejipa mpaka mwaka ujao. Jibu likija ao lisipokuja, anasema ataandikisha.

Juma lililopita alirudi kutusalimia. Alituletea majina ya wenzetu watano wanaotaka kusoma: wawili infirmier, mmoja mwalimu, mmoja mekanisia, mmoja sheria. Tukachukua kalamu. Safari hii tulianza na saa za kulala.