Kabla ya kununua kadi mpya, fungua mipangilio ya mchezo

KIJANA wa Dandora anayefungua chumba cha michezo ya tarakilishi huanza na hesabu mbili: kodi ya chumba na bei ya mashine. Hesabu ya tatu humjia baadaye, wateja wanapoanza kunung'unika kwamba picha inakwamakwama, kwamba kitufe kimebonyezwa lakini mpira umechelewa kuondoka mguuni, au kwamba gari limetoweka kwenye kona moja na kuibuka kwenye nyingine. Fundi huitwa. Naye husema kadi ya michoro imezeeka na inunuliwe nyingine. Akiba ya miezi kadhaa huishia madukani Luthuli Avenue, na si ajabu tatizo likabaki palepale.

Kabla ya kufika huko, upo ukurasa mmoja ndani ya mchezo wenyewe ambao watu wengi hawaufungui, ama huufungua na kuufunga haraka kwa kutishwa na orodha yake ndefu. Huo ni ukurasa wa mipangilio ya picha.

Tarakilishi nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu jijini Nairobi ni zile zilizokwisha kutumika ng'ambo, ambazo wauzaji huziita 'ex-UK'. Ni za HP, Dell na Lenovo, na ziliundwa ili makarani waandike barua na kupiga hesabu. Aghalabu hazina kadi ya michoro inayojitegemea. Kazi ya kuchora picha hufanywa na sehemu ndogo iliyomo ndani ya prosesa, ambayo huazima kumbukumbu ya mashine kwa kuwa haina yake. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, na mashine ya namna hii inaweza kuchezewa vizuri mradi isibebeshwe mzigo wa nyingine.

Mzigo wenyewe hupimwa kwa muda. Kinachoonekana kwenye skrini kama mwendo ni picha tuli zinazofuatana, na kila moja huitwa fremu. Ili mchezo uonyeshe fremu 60 kwa sekunde, kila fremu lazima ikamilike kwa milisekunde 16.7. Kwa fremu 30, muda huo huwa milisekunde 33.3. Kila kivuli, kila jani na kila mng'ao wa maji hula sehemu ya muda huo. Ukipitwa, fremu huchelewa, na hapo ndipo mchezaji huona mkwamo. Isitoshe, jicho huvumilia fremu 30 zisizobadilika kuliko kasi inayopanda hadi 60 na kuporomoka hadi 25 kila dakika.

Wakazi wa Dandora wanao mfano wa karibu. Mradi wa makazi ulioanza katikati ya miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia uligawa viwanja vipatavyo 6,000 vikiwa na choo na bafu, na wenyewe wakajijengea vyumba kimoja baada ya kingine kadiri mfuko ulivyoruhusu. Milisekunde 16.7 ni kiwanja cha aina hiyo. Swali ni chumba kipi kitangulie.

Cha kwanza kuangaliwa ni idadi ya pikseli, yaani nukta zinazounda picha. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Ile ya 1280 kwa 720 ina 921,600. Maana yake ni kwamba kadi inayochora picha ya kwanza inatia rangi nukta mara mbili na robo zaidi ya ile ya pili, katika muda uleule. Hakuna kipengele kingine kinachoweza kupunguza kazi kiasi hicho kwa hatua moja. Ubaya wake ni kwamba picha ndogo ikivutwa kujaza skrini kubwa huwa na ukungu, na maandishi husomeka kwa shida. Kwa hiyo michezo mingi ya sasa huwa na kipimo cha pembeni kinachopunguza pikseli za mandhari peke yake, huku maandishi na matokeo ya mechi yakibaki angavu. Kipimo hicho kikiwepo, kianzwe nacho.

Mbinu ya FSR, iliyotolewa na kampuni ya AMD mwaka 2021, hufanya kazi inayokaribiana na hiyo kwa ustadi zaidi: picha huchorwa ikiwa ndogo, kisha ikakuzwa na kunolewa. Faida yake ni kwamba inakubali pia kadi za kampuni nyingine, zikiwemo za zamani, ilmuradi waundaji wa mchezo wawe wameiweka. Ile ya DLSS ya Nvidia, iliyoanza kutumika mwaka 2018, hudai kadi za jamii ya RTX na haiwahusu wengi wa wanaozungumziwa hapa.

Vivuli hufuata. Hivi ni walaji wakubwa, na kuvitoa kiwango cha juu hadi cha wastani hurudisha muda mwingi bila mchezaji kujuta, kwani hakuna anayetazama kivuli cha mlinzi wakati mshambuliaji yuko ndani ya kisanduku. Nyasi na miale inayoakisiwa majini nazo ni za tabia hiyohiyo. Vilevile ulainishaji wa kingo kwa mbinu ya MSAA ni ghali mno kwa mashine ndogo. Upo wa FXAA ambao gharama yake ni ndogo, ingawa hufifiza picha kidogo.

Teksha, ambazo ni ngozi inayofunika kuta, nyuso na barabara, zina tabia tofauti. Hazipunguzi kasi sana mradi kumbukumbu ya kadi inatosha. Ikijaa, mchezo hukwama kwa mishtuko mikali. Grand Theft Auto V, katika toleo lake la tarakilishi la mwaka 2015, humwonyesha mchezaji juu ya ukurasa huo kiasi cha kumbukumbu kitakachotumika na kile kilichopo. Mstari huo ukizidi kiasi kilichopo, teksha ndizo za kwanza kushushwa.

Liko kosa moja linalowagharimu watu fedha kuliko mengine, nalo ni kutojua ni kiungo kipi kinacholemewa. Kadi huchora, lakini prosesa ndiyo inayoamua watu wangapi watembee barabarani, magari yaelekee wapi na mpira udunde vipi. Jaribio lake ni rahisi. Shusha idadi ya pikseli hadi chini kabisa, ucheze mahali palepale. Kasi ikiongezeka sana, kadi ndiyo iliyolemewa. Isipobadilika, mkosaji ni prosesa, na kadi mpya, hata iwe ya bei gani, haitaleta nafuu. Dawa yake ni kupunguza wingi wa watu na magari pamoja na umbali unaoonekana. Fundi anayependekeza ununuzi kabla ya jaribio hili anastahili kuulizwa maswali.

Ikiwa mchezo huanza vizuri na kuharibika baada ya dakika 20 hivi, mipangilio haina hatia. Hiyo ni dalili ya joto. Chumba cha mabati mchana wa jua, karibu na barabara yenye vumbi, huziba mapezi ya feni, na mashine hujipunguzia nguvu ili isiungue. Brashi laini huleta tofauti kubwa kuliko kadi. Kwa kipakatalishi, hakikisha pia kwamba kimechomekwa kwenye umeme, maana nyingi hujizuia zikitumia betri.

Kwa mashine isiyo na kadi, ununuzi wa kwanza wenye maana huenda ukawa kipande cha pili cha kumbukumbu. Vipande viwili vya GB 4 hupitisha data kwa njia mbili, ilhali kimoja cha GB 8 hutumia moja, na sehemu ya kuchora iliyo ndani ya prosesa hutegemea sana kasi hiyo. Atakayeshikilia kununua kadi aangalie kwanza pawasaplai, kwani baadhi ya mashine ndogo za ofisi zina ya wati 240 tu. Kadi kama GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, inayotumia wati 75 na ambayo matoleo yake mengi hayahitaji waya wa ziada, hupendwa kwa sababu hiyo. Hata hiyo, kwenye kasha jembamba, lazima iwe ya umbo fupi.

Kiwango cha Ultra kinaweza kuachwa bila aibu. Mara nyingine waundaji hukiweka kwa ajili ya mashine zijazo. Crysis ilipotoka mwaka 2007 ilipata umaarufu kwa kuzilemea hata tarakilishi za matajiri.

Kinabaki kipengele cha V-Sync, kinachozuia picha kukatika vipande viwili kwenye skrini lakini huchelewesha kidogo amri ya kidole. Katika mechi za kushindania fedha wachezaji wengi hukizima. Badala yake, mwenye chumba anaweza kuweka ukomo wa fremu 60, ambao pia hupunguza joto na umeme. Mashine inayotumia wati 200 hula yuniti moja ya stima kila saa tano. Ikiteremka hadi wati 150 na kuwashwa saa 10 kwa siku, tofauti kwa siku 30 ni yuniti 15 za tokeni, na hiyo ni kwa mashine moja.