Jeni ya PVT1 yazidi kuwatatiza watafiti wa saratani

JENI nyingi huelekeza seli kuunda protini. PVT1, iliyo katika kromosomu ya 8, haina kazi hiyo. Hata hivyo, imepakana na MYC, jeni ambayo ikivurugika huzifanya seli zizaane ovyo. Kwa baadhi ya wanaougua saratani ya Burkitt, ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 baada ya kuwaona watoto wenye uvimbe wa taya nchini Uganda, kromosomu hukatika karibu na PVT1.

Mwaka 2014 watafiti nchini Marekani walionyesha kuwa PVT1 huisaidia MYC kukuza uvimbe. Ajabu ni kwamba mwaka 2018 ilibainika kuwa sehemu yake ya mwanzo huidhibiti MYC. Hivyo, tiba ya kuing'oa yote huenda ikaondoa kizuizi hicho pia.