Tulale Mombo au Lushoto?

Safari yetu ya kwanza ya pikipiki katika Milima ya Usambara, mkoani Tanga, tulilala Mombo. Hoja ilionekana nzito: mji uko kando ya barabara kuu, na vyumba ni nafuu. Hatukuihesabu jioni. Kila siku ilitulazimu kupanda kona za Soni, kilomita 33 hadi Lushoto, kisha kuziteremka tena giza likiingia, mikono imechoka. Siku ya tatu mwenzetu aliteleza ukingoni mwa korongo. Alisalimika, alhamdulillahi, lakini mkewe, aliyekuwa amepakiwa nyuma, alikataa kupanda tena, nasi hatukumlaumu.

Tangu hapo twalala Lushoto. Mizigo hubaki chumbani, pikipiki huwa nyepesi, na njia huchaguliwa kwa kutazama mawingu ya asubuhi. Irente ni karibu: mtu huenda baada ya Alasiri, akaitazama nyika iliyo chini, na Magharibi ikamkuta amerudi. Mtae ni mbali, kupitia Magamba, nayo yataka siku nzima. Wakati wa masika twaiacha, kwa kuwa udongo huteleza.

Kabla ya kulipia chumba, tuulize pia kama pikipiki italala ndani ya ua, na kama adhana ya Alfajiri yasikika pale.