Kutoa mimba: bibi, mama mdogo na mizani

Hebu tuwaze. Binti wa kidato cha tatu, Newala, ana mimba ya wiki nane. Bibi anasema azae. Mama mdogo wa Masasi anasema atoe. Nani yuko sahihi?

Biolojia inasema kiinitete cha wiki nane kina sentimita kama 1.6 na moyo unadunda, ila ubongo bado hauwezi kuhisi maumivu. Kina thamani gani? Hapo maabara inanyamaza.

Bibi ana hoja nzito. Kanisa Katoliki, ambalo Ndanda ni ngome yake ya zamani, linafundisha uhai ulindwe tangu kutungwa mimba. Waislamu wengi wanasema roho hupulizwa siku ya 120. Kabla ya hapo wanazuoni wanatofautiana. Mwaka 1989 mwanafalsafa Don Marquis aliiweka dini pembeni: kuua ni kosa kwa sababu kunampora mtu maisha yake ya mbele, na kijusi nacho kinayo. Swali: kisichowahi kuhisi chochote kinaweza kuporwa?

Mama mdogo naye ana Judith Jarvis Thomson, 1971. Tuseme umeamka, ukajikuta umeunganishwa na mgonjwa wa figo anayehitaji mwili wako miezi tisa. Ana haki ya kuishi, sawa, lakini je, haki hiyo inampa mwili wako? Bibi atajibu: yule ni mgeni, huyu ni damu yako. Kwa aliyebakwa, jibu hilo linapungua nguvu.

Sheria yetu imeegemea kwa bibi. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 150, inampa mtoaji hadi miaka 14 jela; cha 151, mwanamke mwenyewe hadi 7. Kifungu cha 230 kinamlinda anayefanya upasuaji kwa nia njema kuokoa maisha ya mama. Hata hivyo, watafiti walikadiria mimba 405,000 zilitolewa Tanzania mwaka 2013. Hiyo haithibitishi kwamba kutoa ni halali. Inaonyesha tu kuwa jela haijazuia.

Na ile hoja ya "atoe ili asome"? Tangu Novemba 2021 aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule. Basi imelegea, ila haijafa: nani atabaki na mtoto? Anayemwambia binti azae, aje na jibu hilo mkononi.

Jambo moja halina pande mbili: anayevuja damu baada ya mimba kutoka, iwe vipi, apelekwe hospitali haraka. Kutibiwa si kosa.